Kwa Heshima ya Potopoto

Huko Marekani kumezuka watu wanaonunua basi kuukuu la shule, wakang'oa viti, wakapiga mbao ukutani, wakaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, kisha wakahamia humo na watoto na paka. Kabla ya kuvuka nchi kutoka pwani hii hadi ile huchukua wiki nyingi kujiandaa. Vizito huwekwa chini, karibu na ekseli. Makabati hutiwa komeo ili sahani zisimwagike kwenye kona. Tairi hutazamwa, betri hutazamwa, breki hutazamwa mara mbili. Shughuli hiyo hula maelfu ya dola, na wenyewe hujisifu kwa ubunifu. Ni vyema wapate habari kwamba kusini mwa mkoa wa Maniema, nchini Kongo, kati ya Kasongo na Kabambare, kazi hiyo hiyo hufanywa bure na fundi mmoja asiyedai hata pesa ya chai. Fundi huyo ni potopoto, yaani tope la barabarani. Lori huingia mikononi mwake likiwa lori, na baada ya usiku mmoja ni makao ya watu. Wanasiasa wameimbiwa sifa kwa machache zaidi ya hayo.

Mtazame anavyojenga. Kwanza huyavuta magurudumu ya nyuma hadi difu ilale juu ya udongo, na huo ndio msingi. Basi la Mmarekani, pamoja na gharama zake zote, halina msingi. Kisha hugawa vyumba. Kabini ni ya shoferi, kwa kuwa ina mlango na dirisha na heshima yake lazima ilindwe. Juu ya mizigo, chini ya turubai, ni ghorofani: hapo hulala akina mama wenye bidhaa zao, kila mmoja juu ya magunia yake ya chumvi, ili asiibiwe na apate mto kwa wakati mmoja. Uvunguni, kati ya ekseli na ekseli, vijana wa lori hutandika mikeka na kufunga chandarua kwenye chasisi. Mafiga matatu huwekwa upande usio na upepo, na sanduku la spana huwa kabati la sahani. Lori la pili likifika nyuma na kushindwa kupita, tumepata jirani. La tatu likija, tumepata mtaa. Siku chache zikipita, wanawake wa kijiji cha karibu huleta ndizi, sombe, mihogo na mafuta ya mawese, na mzee mmoja kati ya abiria hujikuta amekuwa hakimu wa magomvi ya maji. Kuna miji iliyochorwa na wahandisi kwa rula ikangoja soko miaka mingi. Potopoto hupata soko, baraza na deni la sigara kabla ya Ijumaa. Ndiyo maana anayeijua njia hii hafungi mizigo ya safari, anahama. Hubeba mchele, chumvi, sufuria mbili, bidoni ya mawese, kuku walio hai, majembe, koleo, shoka, panga, springi za akiba, magunia matupu ya kujazia mawe, na jeki mbili. Tena hubeba ubao mnene wa kulaza chini ya jeki, kwa sababu jeki ikisimamishwa moja kwa moja juu ya potopoto, kinachoshuka ni jeki, lori linabaki pale pale.

Sifa zake nyingine nitazitaja haraka. Hana ubaguzi, maana humkamata mfanyabiashara na askari kwa mkono mmoja (wakubwa hushuka Kindu, mji mkuu wa mkoa, kwa ndege, kwa hiyo hajapata bahati ya kuwafahamu). Huhakikisha mpunga unauzwa kwa bei ya kutupa pale unapolimwa na chumvi kwa bei ya dawa pale inapoliwa. Ni mkarimu tangu zamani: Livingstone, aliyeingia Bambarre, inayotambuliwa na wengi kuwa Kabambare ya leo, alikaa hapo tangu Julai 1870 hadi Februari 1871 kwa sababu madonda ya miguu, baada ya safari za msituni penye matope, hayakumruhusu kuondoka. Wenyeji hawakumtoza peaji, yaani ushuru wa barabara.

Wapo watakaosema kwamba ninamsifu asiyehusika, kwa kuwa potopoto ni mtoto wa mvua na mvua ni ya Mungu. Hoja hiyo inamdhalilisha. Mvua peke yake haiwezi kumlea. Barabara ya udongo mwekundu iliyoinuliwa mgongo katikati, ikachimbiwa mitaro pande mbili na kuwekewa kalvati penye mkondo, humwaga maji yake na kukauka kwa saa chache za jua. Ili potopoto azaliwe na kunenepa, sharti mtaro uzibwe na majani na asitokee wa kuyakata. Kalvati ivunjike na iachwe. Maji yapate ruhusa ya kulala njiani. Hapo ndipo lori la kwanza litazamisha gurudumu, watu watachimba kulitoa, na shimo walilolichimba litabaki wazi hadi msimu ujao, ambapo litatosha lori zima. Mambo haya hayatokei kwa bahati. Yanahitaji ofisi, mihuri, na watu wazima wa kuhakikisha kwamba kati ya Juni na Agosti, udongo ukiwa mkavu, koleo halifiki. Huenda mtu akaongeza kwamba wenye malori nao hupakia kupita kiasi. Ni kweli, na tani zao huichana njia. Lakini mwenye lori asiyejua kama atapita tena mwaka huu atapakia vipi, kama siyo vyote kwa mara moja?

Na fedha? Zipo, na hapa potopoto anastahili kusifiwa na wahasibu. Sheria ya Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, unaoingiza mapato kwa peaji na kwa tozo inayokatwa juu ya kila lita ya mafuta ya gari. Fikiria basi lori lililokwama, gia ya kwanza, injini inanguruma, gurudumu linazunguka mahali pamoja na kuwarushia udongo wanaosukuma. Mafuta yanaungua, kilometa haziongezeki, na kila lita iliyoingia nchini kwa njia halali ililipiwa utunzaji wa barabara. Kadiri njia inavyooza ndivyo lori linavyokunywa, na kadiri linavyokunywa ndivyo mfuko wa kuitengeneza unavyochuma. Mwenye jenereta ya kunyolea nywele Kasongo, ambayo haijawahi kwenda popote, naye amechangia. Sijui chombo kingine cha serikali kilichofungwa kwa uaminifu namna hii na tatizo ambalo kiliundwa kulimaliza.

Kuna hoja moja ya wazee ambayo haifai kuchekwa: kwamba zamani njia hii ilifanya kazi. Ilifanya. Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip, na misafara ya pembe za ndovu iliondoka huku na kufika hadi Unguja. Baadaye Wabelgiji walikata barabara na kuweka vijiji kuzifagia. Lakini tuseme na upande wa pili. Pembe zile zilikaa juu ya vichwa vya watu, wengi wao watumwa, na barabara za Wabelgiji zililimwa kwa kazi ya lazima, kiboko kikiwa karibu. Kila zama njia hii ilipokwenda vizuri, kuna watu waliobebeshwa gharama yake bila malipo. Tofauti ya leo ni kwamba gharama imekwisha kulipwa kwa fedha, tena na kila mtu, na bado ni kijana wa kijijini anayeingia matopeni hadi kiunoni na jembe la mama yake.

Wabelgiji walituachia pia bariyeri ya mvua. Ulikuwa mti uliolazwa njiani mvua ikianza, ukainuliwa baada ya saa kadhaa udongo ukikauka, ili malori yasiichimbe barabara ikiwa laini. Ilikuwa na akili ndani yake. Leo mti ungalipo katika sehemu nyingi za mashariki ya nchi, lakini hauiulizi mvua chochote. Hulazwa jua likiwaka, na huinuliwa noti ikitoka. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini peke yake. Kabambare imepakana na Fizi ya Kivu Kusini, na tabia haisimami mpakani. Kuna mti wa askari, wa jeshi la msituni, wa wilaya, wa usafi, wa mtu fulani mwenye kiti na daftari. Watu hao wote wamefika! Hakuna hata mmoja aliyezuiwa na potopoto. Hata vita, vinavyotajwa kila mara kama udhuru, havikuwahi kukwama: bunduki zilipita, madini ya dhahabu ya Salamabila hupita, kodi hupita. Kisichopita ni koleo na changarawe.

Hakipiti pia kitanda cha mgonjwa. Miaka ya 1970 Kasongo ilikuwa darasa la dunia katika huduma za afya vijijini: vituo vidogo karibu na watu, na nyuma yake hospitali moja ya rufaa. Mfano huo ulisomwa hadi vyuo vya Ulaya. Lakini rufaa ni barabara. Mwanamke aliyeshindwa kujifungua kijijini hapandi karatasi ya rufaa. Hupanda pikipiki, akiwa ameshikiliwa na shemeji yake kwa nyuma, na penye dimbwi hushushwa na kutembezwa. Hapo mzaha wangu unaishiwa pumzi, na wala siombi radhi kwa fundi niliyekuwa nikimsifu, kwa sababu yeye hakusaini lolote.

Tangu 2011 uchaguzi wa rais nchini umefanyika Novemba au Desemba, msimu ambao potopoto yuko katika afya yake bora, na kila safari wagombea wameahidi barabara wakiwa wamesimama pembeni ya mashimo yale yale. Basi, msomaji wa Kasongo au Kabambare, ukikatiwa karatasi ya peaji usiitupe. Iweke mahali pakavu. Siku mbunge wako atakapokuja kuomba kura, mpe aishike, kisha muulize imenunua mita ngapi za mtaro.