Mheshimiwa Amekataa Chupa: Mbinu Tisa, Kutoka Hafifu Hadi Kiboko

Sheria ya Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua pacha. Shirika la Afya Duniani nalo linasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Piga hesabu mwenyewe: inabaki karibu robo mwaka ambayo mama yuko ofisini na maziwa yamemlowesha blauzi. Hapo ndipo chupa inapoingia, na hapo ndipo mheshimiwa anapoilamba mara moja na kuitema kama aliyepewa dawa ya mseto.

Msimwite mkaidi. Ana ziwa lenye joto sawasawa, lina mama nyuma yake, halioshwi kwa brashi. Ungekuwa wewe, ungekubali kubadilishiwa ukapewa mpira?

Tunahesabu kwa kushuka. Ya mwisho ndiyo kiboko.

9. Kununua chupa nyingine

Ya kwanza imekataliwa, baba kakimbilia Kariakoo kuleta ya pili, na boksi linaapa kwamba chuchu yake haina tofauti na ziwa la mama. Maneno ya kwenye boksi ni ya kukutoa wewe hela. Mheshimiwa hajui kusoma. Angalia kitu kimoja tu: iwe chuchu inayotoa maziwa polepole, ile ya umri mdogo kabisa. Na ile sindano iliyopashwa moto jikoni ili "kupanua tundu kidogo" irudi kwenye kopo la nyuzi. Mara nyingi mtoto hagomi kwa sababu maziwa hayaji. Anagoma kwa sababu yanamjia kwa fujo.

8. Khanga ya mama

Anayelisha ajitande khanga uliyolala nayo. Wapo watoto wanaotulia wakisikia harufu ya mama. Wapo pia wanaonusa, wanainua macho, wanakuta ndevu za baba, na kesi inaanza upya.

7. Mama, toka

Usiishie chumbani, toka nje kabisa. Mtoto akisikia sauti yako jikoni haoni sababu ya kushughulika na dalali. Nenda saluni, nenda kwa jirani, mwache baba, bibi au dada na chupa. Bibi atasema, "Sisi tulilea saba bila hayo machupa." Ni kweli, shikamoo bibi, lakini hamkuwa mnagombania mwendokasi alfajiri.

6. Joto

Maziwa yaliyotoka kwenye friji hayamvutii mtu aliyezoea joto la mwili. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, dondoshea tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, usisikie baridi wala moto. Pasha na chuchu. Maikrowevu iachie wali wa jana, maana hupasha maziwa upande mmoja yakaunguza na upande wa pili yakabaki baridi.

5. Kumuwahi kabla ya njaa

"Akibanwa na njaa atakunywa tu," husema shangazi, na husema kwa uhakika wa mtu ambaye jioni anarudi kwake. Mtoto mwenye njaa kali hana muda wa kujifunza ufundi mpya. Anataka chakula anachokijua. Mjaribu akiwa ametulia, au akiwa ndiyo kwanza anaamka na macho bado mazito. Weka maziwa kidogo tu, usije ukamwaga jasho lako la asubuhi nzima kwenye majaribio. Akilia, acha, rudi kesho.

Anza mazoezi ya chupa kunyonya kukishakaa sawa, kama wiki ya nne hadi ya sita. Ile Jumapili ya kuamkia kazini umechelewa.

Na usipake asali kwenye chuchu ili kumshawishi. Asali haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu ya kulegeza misuli. Sukari nayo ibaki kwenye chai yenu.

4. Yaonje mwenyewe

Usikunje uso, ni yako. Maziwa ya baadhi ya akina mama yakikaa kwenye friji huanza kunuka sabuni, kwa sababu kimeng'enya kilichomo ndani huvunja mafuta. Hayajaharibika wala hayamdhuru mtoto, ila kuna wateja wenye pua kali. Dawa ni kuyapasha mara tu baada ya kuyakamua, hadi povu dogo lianze kuonekana pembeni ya sufuria bila kuchemka, kisha uyapoze haraka na kuyaweka kwenye friji. Humo hukaa hadi siku nne. Nje ya friji ni saa nne, penye nyuzi joto 25 au chini yake. Dar es Salaam ya Januari haimo kwenye hesabu hiyo, na umeme ukikatika usijidanganye.

3. Mkao

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunamlaza chali, tunamwinamishia chupa juu chini, maziwa yanamiminika, anapaliwa, kisha tunashangaa kwa nini anaichukia. Mkalishe karibu wima, shingo ikiwa imeegemezwa. Gusisha chuchu kwenye mdomo wa juu, subiri afumbue mwenyewe; usiisukume. Chupa ilale mlalo, maziwa yajae kwenye chuchu tu. Baada ya kumeza mara kadhaa, ishushe kidogo apumue. Kwenye ziwa hupumzika hivyohivyo, maziwa hayashuki mfululizo. Akigeuza kichwa, ameshiba au amechoka. Ile tabia ya "maliza hiki kidogo" itamngoja kwenye ugali.

Akinywa kiduchu mchana, ujue deni utalilipa usiku, atanyonya hadi jogoo awike. Hilo ni la kawaida, mradi anakojoa vizuri. Nepi zikianza kubaki kavu na mtoto akalegea, achana na mbinu zangu, kimbia kliniki.

2. Kikombe

Ndiyo, kikombe. Nani alisema chupa ni lazima? Kwenye wodi za watoto njiti, vichanga wanaotosha kiganjani hulishwa maziwa ya mama zao kwa vikombe vidogo. Kwenu tafuta kinachofanana na vile vya wauza kahawa. Mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, inamisha hadi maziwa yafike mdomoni, halafu tulia. Atatoa ulimi, atayalamba, atayavuta. Usimmiminie. Siku za mwanzo shingo ya mtoto italoa kuliko tumbo, mfunge taulo. Kikombe huoshwa kwa maji na sabuni, hakina kona za maziwa kugandia, na hakimdai mtu brashi wala kuchemshwa kwa sufuria kila baada ya mlo. Binafsi naona chupa imesifiwa kupita kiasi.

1. Saa mbili zako

Kiboko chenyewe hiki, na wala hakiuzwi dukani. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri wa Tanzania Bara amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ng'ambo ya mpaka, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea. Kwa hiyo kabla hujagombana na mtoto wa miezi mitatu, kagombane kwanza na afisa utumishi. Omba saa hizo jioni uwahi nyumbani, au dada amlete mheshimiwa mchana. Andika barua, taja kifungu, baki na nakala.