Waheshimiwa, Tuongezeeni Julai

Wakazi wa Area D,
Dodoma.

Kwa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma (hasa Aprili hadi Juni).

Waheshimiwa Wabunge,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MWEZI MMOJA WA MAKAO MAKUU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni majirani zenu wa Area D. Jina letu ni herufi tu, na kwa yeyote aliyewahi kusubiri matokeo ya kidato cha nne, D ni kufaulu kwa kuponea chupuchupu. Area C wanatutania kwa hilo, lakini si hilo lililotufanya tushike kalamu.

Kila Aprili, Bunge la Bajeti linapoanza, mtaa wetu huwa makao makuu kweli kweli. Mashangingi hupaki mpaka mlangoni kwa muuza genge. Chumba cha gesti ambacho Machi kilikuwa cha kawaida hupandishwa cheo bila kubadilishiwa hata pazia. Kinaitwa VIP na kinatozwa bei ya VIP. Mchoma mbuzi huanza kuzungumzia Fungu na Kasma kana kwamba ameapishwa. Kisha inafika Juni 30. Bajeti imepita, mabegi yamefungwa, na asubuhi ya pili yake mbwa wa mtaa wanavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia.

Tunajua mnarudi baadaye kwa mikutano mingine, wiki mbili hivi kila mmoja. Huko ni kupita kusalimia. Hata kiti hakipati joto.

Msituone tuna haraka. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na kazi ilipangwa kuchukua miaka kumi. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ambayo ilistawisha viwanja na migogoro ya viwanja kwa bidii ileile mpaka ikavunjwa Mei 2017. Dodoma ikapewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, na mwaka huohuo ninyi wenyewe mkapitisha sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi. Miaka 45 baada ya uamuzi! Ni cheti cha kuzaliwa kilichotoka mwenye nacho akiwa na wajukuu, lakini tulikipokea kwa vigelegele.

Na majengo tunayo. Mtumba kuna Mji wa Serikali, wizara moja baada ya nyingine. Chamwino kuna Ikulu iliyozinduliwa Mei 2023. Katikati ya mji mgeni tunampeleka Nyerere Square apige picha, tunamwonyesha Msikiti wa Gaddafi, tunampitisha White House ya CCM, na nyumba yenu ya Bunge tunamwonyesha kwa mbali, kwa sababu ya askari. Mgeni huuliza swali moja linalotuudhi: “Sasa hao wakubwa wenyewe wanaishi wapi?” Tunamwambia ajaribu kuja Mei.

Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024 tulishangilia sana, tukidhani imekuja kuwaleta. Hatukuzingatia kwamba reli inakwenda na kurudi. Zamani mtu aliogopa kutwa nzima kwenye basi, akaona bora alale hapahapa wikiendi. Siku hizi Ijumaa mchana ofisa ana “kikao cha nje”, na jioni anakula samaki Dar es Salaam na mkewe. Hatumlaumu kwa mke. Tunauliza tu kwa nini mke huyo hajawahi kuiona Area D, ilhali mumewe anakatwa kodi ya nyumba hapa kila mwezi.

Kwa hiyo tunaomba Julai. Kama Kanuni za Bunge hazina Julai, basi zitumike njia mlizozizoea. Hotuba ya Waziri wa Fedha isomwe polepole, na vielelezo vyote visomwe pia. Atakayeomba mwongozo wa Spika apewe, na anayetaka kutoa taarifa asikatizwe. Kila mwongozo mmoja kwetu ni bakuli kadhaa za supu. Waziri akijibu kwamba upembuzi yakinifu unaendelea, aulizwe swali la nyongeza, kisha la nyongeza ya nyongeza.

Hatuombi upendeleo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na hazijawahi kudai posho ya kikao katika msimu wowote. Sisi tuko tayari kuwalipa kwa zabibu.

Waheshimiwa, tunaomba kutoa hoja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa kudumu, Area D.

Nakala: Area C, kwa taarifa tu.