Mwenye Lenzi Ndefu

Kuna bwana alishuka Busisi, Sengerema, na lenzi ndefu kama mchi, akauliza wanyama wako wapi. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025, alilipiga picha, naye mwenyewe akiwa mbele. Nyuma yake mdiria alisimama hewani, mdomo chini, akajitosa, akaibuka na dagaa. Mwaloni yangeyange wakadokoa dagaa walioanikwa mchangani, mama mmoja akawafukuza na ufagio. Bwana hakuona, kwake kiumbe asiye na kiingilio si mnyama! Akaenda zake Serengeti, kupanga foleni ya magari mbele ya simba aliyelala. Msomaji, ukipita Busisi jioni, shuka. Ziwa halidai tiketi.