Waraka kwa Jamaa wa Lac Vert Kuhusu Beringi za Mashine ya Nyasi

Kwa wajomba, mashangazi na vijana wote wa Lac Vert, Goma, salamu nyingi kutoka Iowa, jimbo la Marekani ambalo udongo wake mweusi huotesha nyasi kwa kasi ambayo mtu aliyelima juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo hawezi kuiamini upesi. Nyasi hizo hazilishi ng'ombe kama zile za Masisi, wala hazitoi jibini. Hupandwa, hunyweshewa maji na kutiwa mbolea, kisha hukatwa na kuachwa zioze, na katika miji mingi mwenye nyumba anayeziacha zirefuke kupita kipimo cha sheria hutozwa faini.

Kwa sababu hiyo Mkongomani aliyehamia huku hujikuta anamiliki mashine ya kukatia nyasi yenye kiti, usukani na magurudumu manne, lakini isiyoweza kumfikisha sokoni. Chini ya tumbo lake huzunguka visu viwili au vitatu, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwenye shafti fupi iliyosimama wima, inayozungushwa na mkanda kupitia puli. Shafti hiyo hushikwa na beringi mbili, ya juu na ya chini, na kila beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zenye gololi katikati, kifaa ambacho fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za Goma, hahitaji kufundishwa.

Beringi huharibiwa na maji ya kuoshea yanayopenya ndani, na nyasi zinazojisokota kwenye shafti, na pia na visiki. Dalili zake ni mlio mkali na kisu kinachochezacheza, kiasi kwamba uwanja hukatwa kwa ngazi, na jirani ambaye hajawahi kumjulia mgeni hali, siku hiyo huja kusalimia.

Matengenezo huanza kwa kuchomoa waya wa plagi, ili injini isiwake mkono ukiwa karibu na kisu. Kisha kisu huzuiwa kwa gogo kisizunguke, bolti hulegezwa, shafti hutolewa, na beringi kuukuu hugongwa itoke. Namba iliyochorwa ubavuni ndiyo huamua ipi inunuliwe: kwa 6204, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano huonyesha tundu la milimita 20. Beringi mpya hulazwa usiku kucha kwenye friza, kando ya mboga ya sombe, ili isinyae kidogo, na inapoingizwa kwenye nyumba yake hugongwa pete ya nje pekee, kwa kuwa kugonga ya ndani huziumiza gololi. Bomba dogo linalokaa kati ya beringi mbili halipaswi kusahauliwa, maana bila hilo, bolti ikikazwa, pete za ndani husukumwa upande na beringi mpya hufa mapema.

Mjomba atauliza kwa nini asinunuliwe mbuzi, ambaye hana mkanda wala puli, tena huliwa sikukuu ikifika. Jibu ni kwamba katika miji mingi ya huku mbuzi hafugwi ovyo, ilhali mashine inayopiga kelele Jumamosi asubuhi huhesabiwa kuwa dalili ya ujirani mwema. Hivyo jamaa wanaombwa waelewe, baada ya maelezo haya ya kitaalamu, kwa nini fedha za mwezi huu zitachelewa.