Kompyuta Inayotia Chumvi

Programu za kompyuta za kupima uimara wa vyuma zina tabia moja ambayo wauzaji wake hawaitangazi: zinatia chumvi. Namba zake zinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini picha! Ukimwonyesha picha zake mtu asiyezizoea, anaweza kutoka ndani ya nyumba bila viatu.

Mjomba wangu hakutoka. Alivaa miwani, akavuta kiti, akaniharibia Jumamosi nzima.

Alikuwa anataka mnara wa tangi la lita 2,000 nyuma ya nyumba yake Mbagala, kwa sababu maji ya bomba mtaani kwake huja usiku wa manane, tena siku yanapojisikia. Fundi wa kuchomelea alishampa bei na orodha ya vyuma. Mjomba akaona bei imechangamka mno, akakumbuka ana mpwa anayefundisha uhandisi. "Huyu fundi asije akanila," akaniambia kwenye simu. "Ipime hiyo kitu kwenye kompyuta."

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Unachora mnara, unaieleza programu chuma ni cha aina gani, miguu imefungwa wapi na mzigo unakaa wapi. Yenyewe inaukatakata mchoro vipande vidogo maelfu, wanafunzi wanaviita meshi, halafu inapiga hesabu jinsi kila kipande kinavyosukumana na jirani yake. Zamani hesabu hizo zilihitaji kompyuta ya kujaza chumba; NASTRAN, mama wa programu nyingi za aina hii, ilitengenezwa kwa ajili ya NASA miaka ya 1960. Leo CalculiX inapatikana bure, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta mpakato yangu ambayo betri yake ilishakufa.

Namba za mjomba zilitoka vizuri. Lita 2,000 za maji ni tani mbili, kila mguu unabeba nusu tani. Paipu ya mraba ya milimita 50, yenye unene wa milimita 3, hapo inabanwa kwa megapaskali 9 hivi, wakati chuma cha kawaida hakianzi kulegea mpaka karibu na 250. Penye kazi ni vyuma vya juu vinavyolalia tangi. Hivyo vinafika 90, na katikati vinabonyea milimita mbili na nusu hivi. Nilikuwa naanza kumweleza haya, mjomba akaigeuzia kompyuta upande wake.

Sasa, milimita mbili na nusu kwenye mnara wa mita tatu jicho haliwezi kuziona. Programu inalijua hilo. Kwa hisani yake, bila kuombwa, inazikuza zaidi ya mara mia, kisha inakiandika kipimo cha ukuzaji pembeni kwa herufi ndogo. Na penye mkazo mkubwa kuliko kwingine inapaka nyekundu, hata kama mkazo wenyewe haujafika nusu ya uwezo wa chuma. Mjomba akaona mnara umezama katikati, miguu imetanuka, juu kote kumewiva. Kidole chake kikagusa kitufe cha kuchezesha picha. Mnara ukaanza kucheza. Chini, juu, chini, juu.

"Subhanallah," akasema. "Na hapo maji sijatia."

Nikamweleza habari ya ukuzaji, naye akanisikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri zamu yake. "Mwanangu, mimi nimeshona suti tangu enzi za Mwalimu. Mteja akilalamika bega limekaa upande, simwambii kioo kinatia chumvi." Halafu akauliza: je, mashine hii haijawahi kukosea?

Mwalimu akiulizwa hujibu. Nikamsimulia Sleipner A, jukwaa la mafuta la Norway. Tarehe 23 Agosti 1991, likijaribiwa kwenye maji ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, ukuta wake wa zege ulipasuka, likazama na kugonga chini kwa kishindo kilichosomeka 3.0 kwenye mitambo ya matetemeko ya ardhi. Hakufa mtu, lakini hasara ilifika kama dola milioni 700. Meshi ilikuwa mbovu kwenye maungio ya kuta, programu ikakadiria nguvu za kukata zege pungufu kwa asilimia 47. Hesabu ziliporudiwa kwa makini baada ya ajali, zilionyesha ukuta ungepasuka kwenye kina cha mita 62. Ulipasuka kwenye 65. Yaani programu ilijua jibu; mara ya kwanza haikuulizwa vizuri.

Mjomba katika yote hayo alishika neno moja tu: Norway. Fundi akichelewa, Norway. Chai ikipoa, Norway.

Fundi alipofika akaitazama skrini, mikono mfukoni. "Hizi rangi mimi sizijui. Upepo umeutia?" Upepo nilishautia. "Watoto je?" Hakuna programu niliyowahi kuiona yenye kitufe cha watoto. Fundi akaendelea bila haraka: watoto watapanda, majirani wataanikia nguo, na siku ya shughuli turubai litafungwa hapo hapo. Nikaiingiza kamba ya turubai kama nguvu ya pembeni, na mnara ukayumba kando kuliko nilivyotaka. Fundi akaongeza vyuma vya mshazari. Alikuwa ameshaviandika kwenye orodha yake tangu mwanzo, ndivyo vilivyopandisha bei.

Wanafunzi nao huniletea ya kwao. CalculiX haijui vipimo, wewe ndiye unayejua kama umeandika kwa mita au milimita. Kijana mmoja akaandika uthabiti wa chuma 210 badala ya 210,000. Chuma kikawa laini kama ndoo ya plastiki, na programu ikapokea bila kuguna. Mwingine hakuifunga miguu ya meza yake ardhini, mzigo ulipowekwa meza ikasafiri kilomita kadhaa. Akaja kuniuliza, kwa dhati kabisa, kama umbali huo uandikwe kwenye ripoti.

Mnara wa mjomba umesimama, kwa bei ile ile ya fundi. Wahandisi wenzangu, nawaomba: kabla hamjamwita mteja aangalie, rudisheni ukuzaji kwenye 1, na kitufe cha kuchezesha picha kikae mbali na vidole vya wazee.