Bastola ya Msibani

Tangu wezi waingie gereji ya jirani na kuondoka na mashine ya kukatia majani, mke wangu, anayefanya zamu za usiku hospitalini, ameamua nyumba yetu hapa Houston iwe na bastola. Mimi nilipendekeza mbwa. Nikaambiwa mbwa anakula.

Kosa langu ni kulitaja jambo hilo msibani. Misiba yetu Waswahili wa huku unaijua: wanawake ndani, wanaume uani kando ya jiko la nyama, na kila mwanamume ni mtaalamu. Nilisema tu, "Jamani, nataka kununua bastola." Shemeji yangu akaweka sahani chini.

"Shemeji, usijisumbue. Glock. Basi."

Jirani yangu Mkenya akacheka kwa dharau. "Ile plastiki? Hiyo ni ndoo, bwana. Wewe tafuta 1911. Hiyo ni chuma."

Ikawa Simba na Yanga. Mkenya akaeleza kwamba 1911 ilibuniwa na John Browning, jeshi la Marekani likaichukua mwaka wa 1911 na kukaa nayo mpaka 1985, Vita Kuu zote mbili zimo. Shemeji akajibu kwamba yako inabeba risasi saba na yangu kumi na saba, sasa tuhesabu nani atakimbia kwanza. Mkenya akasema huyo Mwaustria wenu, Gaston Glock, kabla ya bastola alikuwa anatengeneza fimbo za mapazia. Kweli, alitengeneza fimbo za mapazia, na visu pia. "Na jeshi la Austria lilimchukua 1982," shemeji akang'aka, "wenye bastola zao za ukoo wakaachwa wanashangaa!" Kijana mmoja wa Lubumbashi akajaribu kusema kwamba jeshi la Marekani lenyewe lilichagua SIG Sauer mwaka 2017. Wakamgeukia wote wawili, akarudi kugeuza nyama.

Siwacheki sana. Mimi mwenyewe Yanga niliirithi kwa marehemu baba, pamoja na redio mbovu, na mjomba wangu alizikwa akiamini hakuna baiskeli duniani ila Raleigh. Lakini mjomba alikuwa anaiendesha. Nikauliza swali la kipumbavu: jamani, mara ya mwisho kufyatua ilikuwa lini? Shemeji akakuna kidevu. Yake iko kwenye boksi chini ya kitanda tangu mwaka juzi. Na Mkenya, ikabainika, hana bastola. Ana fulana ya 1911.

Kumbuka tuko Texas. Tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haijamzuia anaweza kutembea na bastola kiunoni bila leseni wala mafunzo. Kwetu ungeanzia serikali ya mtaa na ungeeleza mpaka koo likauke. Huku unahitaji pesa na shemeji.

Nikaenda kujifunza, kwa ukaidi tu. Tena nilienda kifua mbele, maana mimi nilipita jeshini kwa mujibu wa sheria, kambi ya Ruvu, 1988. Nimeshika SMG. Afande hakuniuliza napenda kampuni gani. Alinitupia bunduki na matusi, vyote nikavidaka.

Mwalimu wa hapa ni mama mmoja mfupi, polisi mstaafu, hatukani. Afadhali angetukana. Alipanga bastola tano mezani, majina yameficha uso kwa utepe mweusi, akaniambia nishike moja moja, kidole nje ya kifyatulio, mtutu uelekee mbele. Hapo ndipo nilipogundua nina vidole vifupi. Umri wote huu sikuwa nimeambiwa. Nyingine mpini ulikuwa mnene kama mchi, nikilazimisha kidole kifike, mkono mzima unapinda. Nyingine, ya chuma, mpini mwembamba mtamu, ila inazidi kilo moja tupu. Nikiinyanyua dakika mbili, bega linaanza kuomba likizo.

Tulipoanza kufyatua, ya tatu ilikwama kwenye risasi ya nne. Ganda limesimama wima juu kama bomba la moshi. Nikaiweka chini kwa masikitiko ya mjuzi: "Hii mbovu." Mama akaichukua, akaondoa ganda, akamaliza zilizobaki papapapa, zote kwenye tundu ambalo ningelifunika kwa kisoda. Akanirudishia. Akanieleza kwamba bastola ya namna hii hujipakia kwa nguvu ya kurudi nyuma, nayo inahitaji mkono ulioshupaa wa kuizuia. Wangu ulikuwa umelegea kama mlenda.

Nikashupaza. Sasa haikwami, ila risasi zote zinakwenda chini kushoto. Nikasema vilengeo vimepinda. Hakubisha. Alichukua magazini, akanipa kisogo, akachanganya humo risasi za bandia nisijue zipi. Nikalenga. Pa! Nikalenga tena, nikavuta: kimya. Lakini mtutu, bila mlio wala moshi, ulikuwa umeinama chini kushoto kwa adabu zote, kama bwana harusi mbele ya wakwe. Nilikuwa nauogopa mshindo ambao haukuja. Miaka yote tangu Ruvu nimekuwa nikisimulia watu shabaha yangu.

Ya tano nilipiga vizuri kidogo. Nilipoanza kutabasamu, ganda la moto likaruka likaingia kwenye kola ya shati na kuteremka hadi tumboni. Mama akapiga kelele moja tu, yenye afande ndani yake: "Mtutu mbele!" Nikacheza ngoma ya kwetu nusu mwili, mtutu mbele.

Mwishoni akabandua utepe. Ile ya tano ni ya kampuni ambayo msibani haikutajwa hata kwa matusi. Akaniambia nisiinunue bado. Niikodi tena, niipigie walau risasi mia mbili za aina nitakayoweka nyumbani, nione kama inakwama, na nione kama mimi nitaacha kuinama. Nilimtajia shemeji jina lake kwa simu. Akanyamaza kidogo. "Hiyo nani anaijua, shemeji?"

Mke wangu anauliza kila asubuhi akitoka zamu. Mpaka sasa nimenunua kisanduku chenye kufuli na risasi sita za bandia, na Jumamosi saa mbili narudi kwa yule mama. Nitafunga vifungo vyote vya shati.