Kori Nane, Ruhusa Hakuna

Kijana kanunua kompyuta yenye kori nane, na haoni kwa nini programu yake ya C++ itumie moja huku saba zikikaa kijiweni. Lugha yenyewe ilishazibariki nyuzi (threads), kwa jina la std::thread, tangu 2011. Anaandika mistari kumi, kompaila ya GCC inaipitisha bila hata kukohoa, anaiendesha kwenye Linux ya zamani: inaanguka papo hapo, ikidai kitendo hicho hakiruhusiwi.

Hakiruhusiwi na nani? Kijana, raia mwema, anapanda kwa mkubwa. Anaiendesha tena kwa mamlaka ya root. Bado hakiruhusiwi. Kumbe cheo hakihusiki: alisahau kuandika -pthread wakati wa kuunda programu, maktaba ya nyuzi haikuunganishwa, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia hivyo kwa maneno ya kawaida.

Mambo yalinyooka kidogo Agosti 2021, glibc 2.34, maktaba ya C ya Linux, ilipoimeza ile ya nyuzi ndani ya libc. Faili la libpthread.a lingalipo, tupu, kwa ajili ya maelekezo ya zamani yanayoliulizia. Ofisi imefungwa, kibao kinaning'inia mlangoni.

Walio kwenye Windows wasicheke. Anayesakinisha MinGW, yaani GCC ya Windows, huenda akatakiwa kuchagua nyuzi za posix au za win32, na mwenye Windows, kwa uzalendo tu, atachagua win32. Kabla ya GCC 13, uzalendo huo ulimpatia kompaila isiyoijua kabisa std::thread.